Mbwa Wako Ndiye Mshenga

"Shikamoo, mwalimu. Naandika riwaya yangu ya kwanza, ya mapenzi, nyepesi, ya msimu wa Krismasi, na yote yanatokea hapa Mwanza siku hizi za sasa. Kuna dada anayeuza vitenge Kirumba, kuna kaka fundi wa injini za boti aliyetoka Ukerewe akapanga chumba jirani naye kule Bwiru, na kuna mbwa wa dada, anaitwa Bella. Nimefika sura ya 12, ya mwisho. Watatu walionisomea wamenipa maneno matatu: mbwa wa kufugwa hivyo ni mambo ya Kizungu, Krismasi yenyewe haina ladha, na mbwa akifika sura ya tano anapotea, harudi hadi sura za mwisho. Nimtoe? Na hivi riwaya ya kuchekesha inaweza kuheshimiwa?"

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mswada wako wote mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Usimtoe mbwa. Wasomaji wako watatu wameona sawasawa, kila mmoja amegusa panapouma, lakini kumfukuza mnyama hakutaponya kitu. Mpe kazi.

Tazama sura yako ya kwanza. Kaka anaingia dukani kumnunulia mama yake doti ya kitenge. Wanatazamana. Dada anapima kitambaa, mikono inamtetemeka. Mbwa amelala mlangoni. Ukimwondoa huyo mbwa ukaweka stuli mahali pake, hakuna sentensi itakayobadilika. Ndiyo maana msomaji wako alimwona mgeni. Kwenye shughuli yoyote, asiye na kazi huonekana mgeni hata kama kazaliwa nyumba hiyo hiyo.

Kwetu watu wawili hawaendeani moja kwa moja. Yupo wa katikati. Huanza rafiki, au shangazi, au mtoto wa jirani anayetumwa na kikaratasi, na mambo yakishakuwa ya kweli anatafutwa mshenga. Mshenga anabeba maneno ambayo wenyewe wangeona haya kuyasema. Analaumiwa mambo yakiharibika, anasahauliwa yakinyooka, na wakati wote ana ruhusa ya kupiga hodi kwenye nyumba ambayo muhusika mwenyewe hawezi kuisogelea. Miswada mingi ya mapenzi inayonijia imewatoa watu wote wa katikati, imewaacha wapenzi wawili na simu zao, na waandishi wake wanashangaa kwa nini mazungumzo yamekauka ukurasa wa 30. Wewe umebahatika. Unaye mshenga asiyejua kwamba ametumwa. Mbwa hapigi hodi. Anapita chini ya uzio, anachukua cha huku anakipeleka kule, na kila akifanya hivyo watu wawili wasio na sababu ya kuongea wanalazimika kuongea, tena wakiwa wamekasirika. Hasira ndogo ndiyo mwanzo mzuri kuliko wote kwa hadithi ya namna hii, kwa sababu aliyekasirika husahau kujipamba.

Kwa hiyo sura ya kwanza isianzie dukani. Ianzie uani, usiku, mbwa akiwa amebeba kitu mdomoni.

Kabla ya hapo tumfanye kuwa mbwa wa Mwanza. Msomaji wako aliyesema "mambo ya Kizungu" hana ugomvi na mbwa. Mbwa wamejaa mitaani kwetu: wanafungwa mchana na kuachiwa usiku, wanalala chini ya meza za nyama choma, wanakaa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, wakisubiri matumbo kwa subira ambayo wavuvi wenyewe hawana. Alichokikataa ni manyoya meupe, sweta jekundu na kochi. Bwiru, Desemba, mbwa ndani ya sweta! Mvue. Mpe manyoya mafupi ya rangi ya udongo, mkia uliojikunja, sikio moja lililopasuka ncha. Ale ugali na dagaa. Alale nje, mlango wa jikoni, pale saruji inapobaki na joto la mchana.

Na umbadilishe jina. Bella halisemi kitu. Unajua vizuri kama mimi kwamba wapo watu wanaowapa mbwa majina ya kupeleka ujumbe kwa majirani. Wengine wanaita Simba au Popi yakaisha, lakini mama mwenye lake moyoni atamwita mbwa Hawashibi, au Mtanikoma, kisha kila jioni anasimama uani na kumwita kwa sauti ya juu, na anayeguswa anajijua. Mama wa dada yako amechoka na minong'ono ya mtaa kwamba binti amefika miaka 29 na bado anauza vitenge vya harusi za wenzake. Kaletewa kitoto cha mbwa. Kakiita Mtasema.

Sasa fikiria kaka wa Ukerewe, wiki ya kwanza, chumba kipya. Saa moja jioni anasikia mama mmoja anapaza sauti: "Mtasema! Mtasema, we! Njoo ule!" Anadhani kuna ugomvi. Anafunga dirisha. Hapo msomaji wa Kiswahili atatabasamu bila wewe kumwambia atabasamu, maana kichekesho kimo ndani ya lugha yake. Na jina hilo usilimalize hapo. Litunze. Nitalirudia.

Kuna neno dogo kuhusu jirani wa Kiislamu uliyemweka sura ya tatu, bibi anayemkimbia mbwa huku akipiga kelele. Umemfanya kichekesho, na hapo umemkosea. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa kwetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi. Kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu mwenye udhu anajilinda kwa sababu anayoijua vizuri. Mpe heshima yake na utapata kitu kitamu zaidi ya kelele: bibi hamgusi Mtasema, hamruhusu kuvuka kizingiti, lakini kila Ijumaa anamwaga mabaki ya dagaa juu ya ukuta kwa upawa mrefu, na mbwa amejua Ijumaa. Hapo una mtu kamili.

Nije kwenye jambo lililonifanya nikae na mswada wako usiku kucha. Sarufi ya Kiswahili imekwisha kukuandikia nusu ya mapenzi haya, nawe hujaitumia. Mbwa ni "amekuja", ni yeye, kama mtu. Lakini anayemchukia anaweza kumtoa kwenye ngeli hiyo kwa herufi mbili tu: jibwa limekuja. Sikiliza watu wanapogombana juu ya mnyama, utasikia ngeli zikipigana. Nimekuandikia mfano ili uone ninachosema. Kaka amesimama mlangoni kwa akina dada, saa tatu usiku:

"Dada, samahani. Jibwa lenu limeingia kwangu tena."

"Jibwa gani? Hapa hatuna jibwa. Tuna mbwa."

"Basi hilo hilo. Limechukua kitu changu."

"Amechukua nini?"

Kaka akanyamaza. Madirisha mawili upande wa pili yalikuwa yamefunguka.

"Kitu," akasema.

"Kitu kisicho na jina?"

"Cha manjano. Kigumu. Kama soli ya kiatu hivi."

"Kaka yangu, umenitoa jikoni usiku huu kwa ajili ya soli ya kiatu?"

Umeona? Hakuna aliyesema neno la mapenzi, lakini mmoja anasema "limechukua" na mwingine anajibu "amechukua", na msomaji anajua vita ni ya nini. Sasa panga safari nzima ya moyo wa huyu kaka kwa njia hiyo. Mwanzoni ni "jibwa lenu limefanya". Katikati ya kitabu, siku moja bila yeye mwenyewe kugundua, aseme "mbwa wenu amekula?" Dada ndiye agundue. Asiseme kitu, anyanyue macho tu kutoka kwenye kitenge anachokikunja. Na mwishoni kabisa kaka asimame uani, mbele ya madirisha yote ya Bwiru, amwite mbwa kwa jina kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya juu kama mama anavyofanya: "Mtasema!" Mtaa mzima utasikia kijana wa kupanga anawaambia nini. Huko ndiko kutangaza nia. Futa ile hotuba ya ukurasa mmoja na nusu uliyomwandikia chini ya mwembe, maana baada ya neno hilo moja haihitajiki.

Kile kitu cha manjano ni bondo la sangara, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwake, kavu. Wewe umeandika kwamba mbwa aliiba soksi. Soksi ni ya kila mahali duniani. Bondo ni la ziwa letu. Kila msomaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba anajua kwamba bondo linasafirishwa hadi China, na kwamba kilo ya bondo kavu ina bei ambayo kilo ya minofu haiwezi kuisogelea. Fundi wako katengeneza injini ya mvuvi, mvuvi hana fedha taslimu, kamlipa mabondo. Kaka kayaweka juu ya kabati, anasubiri Krismasi ipite ayauze aongezee mtaji, na kwa sababu hiyo hawezi kulitaja mbele ya majirani. Mbwa naye kaona ngozi kavu yenye harufu ya samaki. Kwa mbwa hilo ni pambo la mwaka. Halili, analichukua na kwenda kulifukia, kwa sababu ndivyo mbwa wanavyofanya na kitu kitamu wasichokimaliza. Sasa tazama ulichonacho: mali ya kweli imepotea, anayejua ilipo ni mmoja tu, naye hasemi. Watu wawili watalazimika kumfuata mbwa kwenye miamba ya Bwiru jioni baada ya jioni, mmoja akisema anatafuta soli ya kiatu na mwingine akijua fika kwamba hakuna mtu anayetafuta soli kwa siku 20.

Na sura ya tano, alipopotea. Hukukosea, hukujua tu kwa nini umeandika hivyo. Mbwa jike akikaribia kuzaa hutafuta pa kujificha, anachimba, anabeba vitambaa. Mtasema ana mimba. Mimba ya mbwa huchukua siku kama 63, yaani miezi miwili na siku chache. Ukitaka azae mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, rudi nyuma hadi tarehe 22 Oktoba hivi, na siku hiyo pawepo na dume. Wiki za mwanzo hakuna anayeona. Kuanzia mwezi wa pili tumbo linashuka, chuchu zinavimba, anakula sana, anaanza kutoweka mchana. Kwa hiyo dada anaona mbwa amenenepa, anadhani ni mabaki ya bibi wa upawa. Kaka, aliyekulia kisiwani na mbwa wa babu yake, anatazama mara moja na kujua, lakini hajazoeana na dada kiasi cha kumtamkia neno mimba. Sura nzima imo humo! Kijana anahangaika kutafuta namna ya heshima ya kumwambia dada wa watu kwamba mbwa wake ni mjamzito. Atamtuma nani aseme? Hana mshenga, maana mshenga ndiye mwenye mimba.

Alipojificha ndipo alipofukia bondo. Na vile vipande vya kitenge vilivyokuwa vikipotea dukani vimo humo humo, vimetandikwa.

Krismasi yako sasa. Ukurasa wa 41 umewaweka karibu na moto wakinywa chokoleti. Najua picha hiyo imetoka wapi, na haina ubaya huko ilikotoka, ila Mwanza Desemba ni mvua za vuli. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni baada ya mvua kuna ubaridi wa kutosha kumvalisha mtu kanga mabegani, na huo ndio ubaridi wako, utumie. Miamba ikilowa inakuwa nyeusi na kung'aa. Maembe yameiva, yanaanguka juu ya mabati usiku mbwa anabweka. Na mvua ikikatika, kumbikumbi. Hebu waandikie nusu ukurasa wa kumbikumbi: taa moja ya uani, wadudu wanazunguka kama makapi ya mpunga yanayopepetwa, watoto na beseni la maji, na mbwa mwenye mimba kubwa anaruka kuwadaka hewani, anakosa, anaruka tena, mabawa yamemganda puani. Kaka anacheka kwa mara ya kwanza tangu ahame. Dada anasikia kicheko hicho akiwa ndani na chapati inaungua.

Halafu umesahau kazi ya msichana wako. Anauza vitenge! Hakuna mwezi wenye pilika dukani kwake kama huo. Kwaya wanataka sare, familia wanataka za kufanana, mafundi cherehani wanakataa kazi mpya na bado watu wanaleta. Weka kwaya moja iliyoagiza jora zima kwa ajili ya misa ya mkesha. Weka mwalimu wa kwaya anayebadili rangi mara tatu. Weka jora limefika, limefunguliwa, na Mtasema kalala juu yake akiwa na miguu yenye tope. Hilo ni tatizo la ukubwa unaofaa riwaya nyepesi: linamtoa mtu jasho na halimuui mtu. Kaka anajitolea kufua mita zote usiku, na mita za kitenge zikianikwa juu ya miamba mbele ya ziwa asubuhi, una picha ya jalada.

Saa ya hadithi yako iwe Jumapili nne za Majilio, zile za kabla ya Krismasi. Kila Jumapili mbwa awe mkubwa zaidi, jora likaribie, wageni waongezeke. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanashusha watu stendi usiku na mizigo, shangazi anafika na maswali yake yale yale. Hizo sura umeziandika vizuri, sina la kuongeza.

Taa je? Umeandika mti wa plastiki wenye taa za kuwakawaka, sawa, upo madukani. Lakini ukitaka taa za Krismasi ambazo miji ya mbali na ziwa haina, wapandishe watu wako kilimani usiku wa giza waangalie ziwa. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na mwezi usipokuwepo taa zao zinaenea majini hadi unadhani kuna mji mwingine upande wa pili. Angalia tu kalenda ya mwezi ya mwaka uliouchagua. Mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti dagaa na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu, na msomaji wa mwaloni atakukamata.

Atakukamata pia sura ya tisa. Umewaweka wakisubiri kivuko cha Kigongo kwenda Busisi kwa saa tatu, wakielekea harusi Sengerema, na humo kwenye foleni ndipo wanaposhikana mikono. Sura nzuri, lakini daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Hadithi yako ni ya sasa. Gari linavuka kwa dakika chache na mikono haipati muda. Ama rudisha hadithi nyuma kabla ya tarehe hiyo, ama wapandishe kivuko cha Kamanga, kinachoondokea mjini kabisa. Ningechagua Kamanga. Kuna wauza karanga, kuna upepo, na mbwa ndani ya kivuko ni jambo ambalo kila abiria atatoa maoni yake.

Mwamba wa Bismarck, ule maarufu wa ziwani, umeutumia mara nne. Utumie mara moja, kwa mbali, mtu akiwa anafikiria jambo jingine.

Nimefika mahali pagumu, nawe nisikilize kwa makini. Sura ya 11 mtumbwi unapinduka na mbwa anamwokoa kaka. Umeandika kwa mkono mwepesi, watu wanapiga chafya na kucheka. Mwanangu, toa sura hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Makaburi yao yako Igoma, unapita karibu nayo ukienda kwa gari upande wa Kisesa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka huko huko Ukerewe ulikomtoa kaka yako. Atakayekisoma kitabu chako siku ya sikukuu anaweza kuwa na kiti kitupu mezani kwa sababu ya ziwa hili. Wepesi wa riwaya unatokana na kujua mwandishi ameona mahali pazito na amepapita kwa heshima. Unaweza hata kupataja: kaka haogelei tena tangu mwaka fulani, dada haulizi. Mistari miwili, basi. Tunao msemo kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Mwache shangazi autumie kwa shughuli nyingine kabisa, akiwa anamzungumzia kaka anayesuasua mlangoni.

Vivyo hivyo kichaa cha mbwa. Umeandika Mtasema anamng'ata mwalimu wa kwaya na watu wanaangua kicheko. Ugonjwa huo dalili zikishatokea karibu hauponi, na aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi kwa ajili ya chanjo. Msomaji mwenye akili zake ataacha kucheka na kuanza kuhesabu siku. Mwache amng'ate begi. Na mahali fulani mapema, kama kwa kupita, tuonyeshe kadi ya chanjo ya Mtasema imebanwa ukutani jikoni pamoja na kalenda. Baadaye mbwa akipotea na majirani wakaanza kunong'ona kwamba huenda ana kichaa, kadi hiyo ndiyo itakayomtetea, na dada ataibeba mlango kwa mlango kama hati ya kiwanja.

Dogo jingine la daktari wa mifugo: sikukuu dada anampa mbwa sahani ya pilau kuonyesha upendo. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi au kilichopikwa, na pilau bila kitunguu si pilau. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Wapenzi wa mbwa watakuandikia barua. Ampe dagaa waliochemshwa bila chumvi, na kaka ndiye awachambue mawe.

Uliuliza kama riwaya ya kuchekesha inaheshimiwa. Nimehariri vitabu vya misiba na vya siasa, na nakuambia kwa moyo wote: kumfanya mtu aliyechoka acheke kwenye basi la kurudi nyumbani, kisha afike na kumtazama mke wake kwa jicho jipya, ni kazi ngumu inayotaka usafi wa kila sentensi. Mzaha uliokosea kwa neno moja haupo tena. Kwenye huzuni msomaji atakusamehe maneno mawili matatu ya ziada, kwenye kicheko hakusamehe hata moja. Kwa hiyo kurasa 140 zinakutosha, usirefushe. Ukitaka kuwaonjesha watu kwanza kwenye makundi ya simu kama wenzako wanavyofanya, peleka sura moja kila Jumapili ya Majilio, na ile ya nne uikatie pale Mtasema anapoingia kanisani.

Ndiyo, aingie kanisani. Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, nawe unao mkesha wa Krismasi na kwaya iliyovaa kitenge chenye harufu yake. Lakini asiende madhabahuni kama ulivyoandika, mshumaa ukianguka na padri akikimbia. Apite ubavuni, taratibu, amebeba kipande cha mwisho cha kitenge mdomoni, amtafute dada kwenye viti, amguse goti, ageuke kutoka. Dada anajua. Kaka, aliyesimama nyuma mlangoni kwa sababu amechelewa, anajua pia. Wanatoka wote wawili katikati ya wimbo, nje kuna mvua ya rasharasha, na wanamfuata hadi kwenye pango dogo chini ya miamba ambapo bondo lipo, kavu kabisa, salama, na hakuna hata mmoja anayelitazama kwa sababu mtoto wa kwanza ameshatoka.

Wewe umemalizia siku ya Krismasi yenyewe, pete, nderemo. Mimi ningesogeza mbele. Watoto wa mbwa huzaliwa wamefumba macho na huyafumbua baada ya siku 10 hadi 14. Waliozaliwa usiku wa 24 Desemba wanaanza kuona siku zile za mwanzo wa Januari, na sikukuu ya Tokeo la Bwana ni tarehe 6, ingawa parokia nyingi huiadhimisha Jumapili iliyo karibu. Wageni wamesharudi Dar, shangazi amepanda basi, maembe yamepungua, fataki za mwaka mpya zimepita na Mtasema alizisikilizia chini ya kitanda cha kaka, ndani, mahali ambapo jibwa halikuruhusiwa kufika. Mshenga wa kweli, mjomba kutoka Nansio huko Ukerewe, ameshapiga hodi na kukaribishwa soda. Wazee wako sebuleni wanahesabu ng'ombe. Dada na kaka wamechuchumaa uani kwenye boksi la sabuni lenye vitambaa vya sare ya kwaya, hawasemi kitu, wanamwangalia yule mdogo wa mwisho, wa rangi ya udongo. Jicho la kushoto limefunguka kama uzi. Dada anauliza ataitwa nani.

Jina hilo litafute mwenyewe. Ukilipata niandikie.